Koti la twidi na kilti: mila iliyokatwa na kushonwa upya

Vijitabu vyetu vya mila vinaanza kila mara na wazee wetu, na ni vizuri hivyo. Lakini mara moja moja inafaa tuangalie ng'ambo, tuone watu wengine walifanya nini na mavazi ya mababu wao, kusudi turudie yetu na macho mapya.

Darasani, tukifika kwenye somo la mila, wanafunzi wanauliza paka swali moja: nguo ya asili ikibadilishwa, bado ni ya asili? Wengine wanajibu haraka-haraka: hapana, ukikata umeharibu. Wengine wanasema nguo ni nguo tu, vaa unachopenda. Mimi naona majibu yote mawili yanapita kando ya njia. Kuna inchi moja ambako vazi la mababu lilikatazwa na sheria, likafungiwa watu jela, kisha likarudi, na leo watu wa kawaida wanalipata kwa mkasi na sindano, wakikata makoti ya zamani. Inchi hiyo ni Uskoti, ile vitabu vyetu vya jeografia vinaita Écosse. Vazi lenyewe linaitwa kilti, na koti linalovaliwa nalo linashonwa kwa kitambaa kinachoitwa twidi. Tufuate habari yake pole pole.

1. Kilti, na juu ya nini inataka koti fupi

Uskoti ni sehemu ya kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Britania. Upande wake wa kaskazini na magharibi ni milima, mvua na upepo. Watu wa milima ile walikuwa wakisema lugha ya Kigaeli na kuishi kwa koo, kila ukoo na mkubwa wake. Vazi la wanaume lilikuwa kitambaa kimoja kirefu cha sufu ya kondoo, chenye mistari ya rangi inayokatana miraba-miraba. Mistari hiyo inaitwa tartani. Andiko moja la Ireland juu ya mwaka 1594 linaonyesha tayari askari waliotoka visiwa vya Uskoti wamevaa shuka la rangi-rangi, mkaba umefungwa juu yake. Mtu alikuwa akikunja kitambaa mikunjo, anakizungusha kiunoni, anafunga mkaba. Sehemu ya chini ilifika magotini, ya juu ilitupwa begani. Usiku ukimkuta njiani, vazi lile lile linakuwa blanketi.

Kunako mwanzo wa karne ya 18, kitambaa kile kilianza kugawanywa. Sehemu ya juu iliachwa, ya chini ikabaki peke yake: njo kilti tunayoijua leo. Baadaye, karibu na mwisho wa karne ile, mafundi walianza kuishona mikunjo moja kwa moja, kusudi mtu asiikunje upya kila asubuhi. Kwa hiyo mkasi na sindano ziliingia katika habari hii mapema sana.

Koti nalo lilikuwa fupi tangu zamani. Kuna picha iliyochorwa na John Michael Wright kunako mwaka 1683 hivi, inayoonyesha Lord Mungo Murray amevaa vazi la milima. Juu ya kitambaa cha tartani amevaa koti fupi linaloishia kiunoni. Sababu yake inaonekana wazi: kitambaa chote kile kimejaa mikunjo kiunoni, koti refu lingekaa fasi gani?

Hata leo sababu ni hiyo hiyo. Kilti ya sherehe inakula yadi 8 za kitambaa, ni kusema zaidi ya metre 7. Mikunjo yote iko nyuma. Mbele ni bapa. Inavaliwa juu, kiunoni kabisa, karibu na kitovu, si kwenye nyonga kama suruali. Na kwa sababu haina mifuko, mbele kunaning'inia kifuko cha ngozi kinachoitwa sporani. Sasa chukua koti ya kawaida ya suti, uivae juu ya vazi hilo. Nyuma, mikunjo inalisukuma koti lisimame kama mwavuli. Mbele, sporani inajificha. Chini inabaki kipande kidogo tu cha tartani, na mtu anaonekana sawasawa na yule aliyetoka nyumbani mbio akisahau suruali. Ndiyo maana koti la kilti lazima liwe fupi, na pembe zake za mbele zikatwe kwa mviringo.

2. Mwaka ambao Leta ilikataza nguo

Kunako 1745 watu wengi wa milima walimfuata Charles Edward Stuart, aliyetaka kurudisha jamaa yake kwenye kiti cha ufalme. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanja wa Culloden, walishindwa na jeshi la serikali, na vita ile haikudumu hata saa moja. Kisha vita, Leta ilitafuta namna ya kuvunja nguvu ya koo mara moja kwa siku zote. Ilikamata silaha, ikaondoa mamlaka ya wakubwa wa koo, na ikakataza nguo.

Sheria ilitungwa mwaka 1746, na sehemu yake juu ya mavazi ikaanza tarehe 1 Agosti 1747. Ilisema hivi kwa ufupi: mwanaume au kijana yeyote wa Uskoti asivae tena shuka la milima wala kilti, na kitambaa cha tartani kisitumiwe hata kwa kushona koti la juu. Angalia neno hilo la mwisho: koti nalo liliguswa. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Mara ya pili, alipelekwa ng'ambo ya bahari kwenye mashamba ya koloni kwa miaka 7. Juu ya nguo tu!

Askari waliotumikia mfalme waliachiliwa. Wao waliweza kuvaa kilti ndani ya majeshi ya Uingereza, na kwa kweli vijana wengi wa milima waliingia jeshini. Basi kwa muda wa miaka 35 hivi, namna iliyo wazi ya kuvaa nguo ya baba yako ilikuwa kushika bunduki ya yule aliyemshinda baba yako. Huo ni ujanja wa utawala, na sisi watu wa Kongo hatuhitaji tafsiri.

3. Nguo inarudi, lakini kwa nani?

Sheria ilifutwa mwaka 1782. Waliopigania kuifuta walikuwa wakubwa wenye mali, wanamemba wa shirika la watu wa milima lililoanzishwa London mwaka 1778. Watoto wa 1747 walikuwa sasa wazee. Wengi wamezoea suruali, na wafumaji wengi wameachilia kazi. Watu wa kawaida hawakurudilia kilti kama nguo ya kila siku. Waliorudilia walikuwa mabwana, maofisa na wapenda sherehe.

Mwezi wa Agosti 1822, mfalme George IV alitembelea Edinburgh. Mwandishi Walter Scott njo alipanga sherehe zote, akaomba kila bwana aje na vazi la ukoo wake. Mfalme mwenyewe alivaa kilti. Mafundi wa kufuma, zaidi sana kiwanda cha Wilson huko Bannockburn, walipata kazi nyingi: kila jamaa ilitaka tartani yake, hata zile ambazo hazikuwa nayo mbele ya hapo. Desturi ya kwamba kila jina la ukoo lina mistari yake maalum ilipata nguvu hasa katika miaka ile.

Njo maana mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper, katika kitabu kilichotoka mwaka 1983 juu ya mila zilizobuniwa, aliandika kwamba kilti si ya zamani sana, na kwamba aliyeikata mara ya kwanza ni Mwingereza Thomas Rawlinson, mwenye kazi ya kuyeyusha chuma huko Glengarry kunako miaka ya 1720. Habari hiyo inatoka kwa barua moja iliyotangazwa mwaka 1785, na wataalamu wengine wameipinga. Kinachotugusa sisi ni hiki: ndani ya kitabu kile kile, Terence Ranger aliandika sura juu ya Afrika ya wakati wa ukoloni, akionyesha jinsi wakoloni na wakubwa wa huku walivyogandisha mila zilizokuwa zikibadilika, wakaziita za tangu na tangu. Kwa hiyo Mskoti na Mwafrika wamekaa kwenye benchi moja, wanasikiliza somo moja.

Lakini kutoka hapo kusema mila hizo ni uongo, mimi nakataa. Kama nguo imekatwa juzi, bado inaweza kubeba kilio cha kweli. Tuangalie kitambaa chenyewe.

4. Twidi, kitambaa cha kondoo na cha njaa

Twidi ni kitambaa kizito cha sufu, chenye nyuzi za rangi zilizochanganywa mbele ya kusokotwa. Kwa mbali unaona kahawia au kijani. Ukikaribia unaona ndani yake njano, buluu, nyekundu kidogo. Juu ya jina lake, wanasimulia kwamba kunako 1830 hivi mfanyabiashara mmoja wa London alisoma vibaya neno la Kiskoti linalotaja namna ya kufuma kwa mistari ya mshazari, akafikiri ni jina la mto Tweed unaopita kusini mwa Uskoti. Jina likabaki.

Sufu hiyo inatoka kwa kondoo, na kondoo wale wana historia chungu. Tangu mwisho wa karne ya 18, na zaidi sana katika karne ya 19, wenye ardhi wa milima waliona kondoo wanaleta pesa kupita wakulima. Wakafukuza watu. Huko Sutherland, kwenye bonde la Strathnaver, mwaka 1814, nyumba zilichomwa moto kusudi wenyeji wasirudi. Msimamizi mmoja, Patrick Sellar, alishitakiwa mahakamani Inverness mwaka 1816, akaachiliwa. Wengi walisukumwa kwenye kando ya bahari, wengine wakapanda meli kwenda Kanada. Na fikiria: ilikuwa katika miaka ile ile mabwana walipokuwa wakicheza ngoma mjini katika kilti mpya. Vazi linapandishwa jukwaani, wenye vazi wanafukuzwa mashambani.

Wakati wa malkia Victoria, mambo yaliendelea hivyo. Yeye na mume wake Albert walinunua Balmoral mwaka 1852, na matajiri wakafuata mtindo wa kwenda milimani kuwinda paa. Mabwana wa ardhi waliagiza twidi yao wenyewe kwa watumishi wao wa mawindo, na rangi zilichaguliwa zifanane na majani, mawe na udongo wa fasi ile, kusudi mnyama asiwaone. Hapo tartani ya rangi kali na twidi ya rangi ya udongo zikakutana kwenye mwili mmoja: kilti chini, koti la twidi juu. Mpaka leo hilo ni vazi la mchana. La usiku, la karamu, ni koti nyeusi lenye vifungo vya fedha.

Twidi ina upande mwingine pia, wa wanawake. Katika kisiwa cha Harris, kisha bwana wa Dunmore kufa mwaka 1845, mjane wake Catherine Murray aliona kitambaa ambacho watu wa kisiwa walikuwa wakifuma nyumbani. Ugonjwa wa viazi ulifika milima na visiwa vya Uskoti mwaka 1846, ukaleta njaa kubwa. Yeye aliwauzia kitambaa chao kwa marafiki wake matajiri, na kazi ikapanuka. Wanawake walichemsha sufu na kuvu ya mawe kupata rangi ya kahawia yenye wekundu. Kitambaa kikifumwa, walikaa kuzunguka ubao, wakakilowesha mikojo iliyowekwa siku nyingi, wakakigonga-gonga kikaze, huku wakiimba kwa Kigaeli ili mikono iende pamoja. Mama yeyote wa kwetu aliyetwanga mihogo akiimba na wenzake anaelewa bila kuelezwa.

Leo kitambaa hicho kinalindwa na sheria ya mwaka 1993. Ili kiitwe Harris Tweed, lazima kifumwe na wakaaji wa visiwa vya Hebridi vya Nje, nyumbani kwao, kwa sufu safi iliyotiwa rangi na kusokotwa huko huko. Alama yake, tufe lenye msalaba juu, inapigwa kwenye kitambaa tangu 1911. Ukiona kibandiko chenye alama hiyo ndani ya koti la zamani, ujue mkono wa mtu wa kisiwa umepita pale.

5. Kuchagua koti la kukata

Sasa tufike kwa fundi. Koti la kilti lililoshonwa jipya ni ghali, na kijana anayeoa au mzee wa pensheni hawezi kila mara. Lakini makoti ya twidi ya kawaida yako mengi Uskoti katika maduka ya nguo zilizovaliwa, yale yanayouza kwa ajili ya msaada. Ni sawasawa na nguo za balo zinazofunguliwa katika masoko yetu. Basi watu wananunua lile, wanalikata kuwa la kilti. Kazi hiyo ina sheria zake, na nadhani mafundi wetu watafurahi kuzisikia.

Kwanza, mabega. Koti likikataa mabegani, liache. Kiuno kinapunguzwa, mkono unafupishwa, lakini bega ni kazi ngumu hata kwa fundi mkubwa.

Pili, vifungo. Tafuta koti la safu moja ya vifungo, si la kufunga mara mbili. Lenye vifungo vitatu linafaa zaidi, sababu vifungo vimepanda juu. Kile kinachofungwa kikae karibu na fasi ambako kilti inaanza. Cha chini kabisa kinaweza kuondoka pamoja na kipande kinachokatwa.

Tatu, mifuko. Hapa wengi wanasahau. Mdomo wa mfuko haupandi juu kirahisi. Pima kutoka mdomo wa mfuko mpaka pindo: kama mstari wa kukata utaangukia juu ya mdomo, koti hilo si lako. Kifuko cha ndani kinaweza kufupishwa, mdomo hapana. Mifuko iliyobandikwa juu inaweza kufumuliwa na kupandishwa, lakini angalia kama kitambaa cha chini hakina rangi tofauti na kingine kilichochujuka kwa jua.

Nne, mpasuko wa nyuma. Ukikata chini, mpasuko nao unafupika. Ukibaki vidole vitatu au vinne tu, ni afadhali kuushona ufungwe. Koti lisilo na mpasuko linarahisisha kazi.

Tano, rangi. Tartani inasema kwa sauti. Koti liseme kwa sauti ndogo. Chagua rangi moja iliyotulia ndani ya tartani, kijani cha majani makavu, kahawia au kijivu, kisha tafuta twidi inayoikaribia bila kulingana kabisa. Miraba juu ya miraba inachokesha macho.

Mwisho, liweke koti mbele ya mwanga wa dirisha. Nondo wanapenda sufu, na tundu dogo lisiloonekana mezani linaonekana kwenye mwanga.

6. Kukata na kushona

Mwenye koti avae kwanza kila kitu: kilti kwa kimo chake cha kweli, sporani, shati, hata soksi na viatu. Asijipimie mwenyewe, sababu akiinama pindo linahama. Mtu mwingine aweke alama kwa chaki.

Nyuma, pindo jipya lifunike mkanda wa kilti na mikaba yake midogo ya ngozi, kisha liache mikunjo ianguke huru. Mbele, mstari utoke chini ya kifungo cha mwisho, uzunguke pole pole kwenda ubavuni, hata sporani ionekane yote. Mara nyingi kinachokatwa ni sentimetre 8 mpaka 12, lakini mwili wa mtu njo unaamua.

Kisha fundi afumue kitambaa cha ndani upande wa chini, kile mafundi wetu wanaita dubliri, akisukume juu kisiguswe na mkasi. Mbele ya kukata twidi, apitishe mshono mmoja karibu na mstari, sababu nyuzi zake zinapenda kufumuka. Akate akiacha sentimetre 4 za kukunja. Ndani ya sehemu ya mbele kuna kitambaa kigumu kinacholisimamisha koti. Nacho kikatwe, lakini kifupi kuliko twidi, kusudi pindo lisiwe nene. Kwenye mviringo, akate vijipande vidogo vidogo ndani ya mkunjo ili usivute.

Halafu pasi. Twidi haipigwi pasi kavu. Weka kitambaa chenye maji juu yake, bonyeza, inua, bonyeza tena, usikokote. Pindo lishonwe kwa mkono, na sindano ishike nyuzi chache tu, isionekane nje. Mwishoni dubliri irudishwe na kulegezwa kidogo chini. Ikikazwa sana, koti litajikunja kila mtu akiketi.

Vipande vilivyokatwa visitupwe. Ile kamba ndefu ya twidi inatosha kutengeneza mapambo ya mwisho wa mikono, yale mapana yenye vifungo vitatu yanayoonekana kwenye koti liitwalo Argyll, pamoja na epoleti za mabega. Rangi inalingana kabisa, kwa sababu ni kitambaa kile kile. Vifungo vya plastiki vitoke, viingie vya pembe ya paa. Basi koti lililokuwa la mwalimu au karani aliyekwisha kufa limekuwa koti la kilti, na mjukuu wa mtu wa milima anaingia nalo kwenye arusi ya dada yake, kichwa juu.

7. Na sisi je?

Wazee wetu wanakumbuka abakosti. Tangu 1972, katika Zaire ya Mobutu, suti na kravati vilikatazwa kwa jina la kurudia asili, mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Rais alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kusema watu wanaweza kuvaa tena kravati. Ukiitazama abakosti vizuri, ni vesti ya kizungu iliyogeuzwa: kola nyingine, bila kravati. Mafundi wetu waliikata vizuri sana, na wengine waliipenda kwa moyo wote. Kuna wazee wanaoivaa mpaka leo, na hakuna anayewalazimisha. Uskoti, Leta ilikataza nguo ya mababu. Zaire, Leta ilikataza nguo ya mgeni kwa jina la mababu. Sababu zilikuwa kinyume, lakini pande zote mbili mkasi ulitoka mkononi mwa mwenye kuvaa, ukaenda ofisini.

Ndiyo maana ninawaambia wanafunzi: swali lenu la kwanza, nguo hii ina miaka mingapi, liacheni lije la pili. La kwanza liwe: nani alishika mkasi? Ni mtawala aliyeamuru, ni mwenye mali aliyetaka pambo la sherehe, ao ni mwenye vazi mwenyewe, aliyetaka kuendelea kulivaa katika maisha anayoishi? Kilti ya 1822 ilirudishwa na matajiri, na mtu aliyefukuzwa Strathnaver hakuwa na fasi kwenye karamu ile. Koti lililonunuliwa kwa bei ndogo na kukatwa na fundi wa kartieri linafungua mlango ule uliofungwa. Si la zamani kuliko la mfalme, lakini ni la haki kuliko lake.

Wakuba wa Kasai walijua hekima hiyo tangu zamani. Wanaume wanafuma rafia. Kisha inagongwa-gongwa ilegee, na kwa kugongwa inapata matundu. Wengi wanaeleza kwamba vile vipande vizuri vinavyoshonwa juu ya vitambaa vyao vilianza kama viraka vya kuziba matundu hayo. Kiraka kikawa pambo, pambo likawa mila, na leo majumba ya makumbusho ya Ulaya yanalipigania.

Basi vijana wa shirika letu wasione haya kama hawana pesa ya vazi kamili la asili. Waende kwa bibi na babu, waulize: vazi hili lilikatwaje, nani aliruhusiwa kulivaa, nani alikatazwa, na mwaka gani? Waandike majibu mbele ya wazee kutuacha. Kisha waende kwa fundi na kile kidogo walicho nacho. Wazee wanasema mwacha mila ni mtumwa. Lakini anayeifungia sanduku, asiiguse kwa kuogopa mkasi, siku moja atalifungua na kukuta nondo wamemtangulia.